Kuweka turbo kubwa kwenye Forester hapa Mombasa

Watu wakiliona gari swali la kwanza ni turbo gani hio, la pili umeitoa pesa ngapi, na hakuna hata mmoja ashaniuliza oili yarudi vipi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, au pampu ya petroli ni gani, na wallahi hayo ndo yenyewe. Turbo ni kitu cha mwisho kununua. Najua vijana hawapendi kusikia hivo kwa sababu turbo ndo yapigwa picha, lakini nimeona injini nzuri zikiishia kuuzwa kwa kilo kwa wale wa vyuma kuukuu na juu yake pana turbo mpya kabisa, kwa hivo leo naandika kila kitu vile nnavojua, manake hii kazi tumeifanya nyumbani Kisauni, chini ya mabati, mimi na binamu yangu, na vifaa ambavyo fundi yeyote wa mtaani anavyo.

Gari ni Subaru Forester SG5, XT ya Japani, gia za mkono, injini EJ205 ya lita 2, na kiwandani ilitoka na nguvu farasi 220 na turbo ya TD04 ya Mitsubishi. Wakenya twaipenda Subaru na tuna sababu zetu, wengine tulikuwa wadogo wakati Impreza yachukua Safari Rally, Kenneth Eriksson 1996, Colin McRae 1997, Richard Burns 2000, na Patrick Njiru wetu naye alikuwa ndani ya Subaru miaka hio ya tisini, kwa hivo ile ngurumo yake ishatuingia damuni zamani. TD04 nayo si turbo mbaya, hili naomba lieleweke. Yaamka mapema, ukikanyaga tu ishaanza kusukuma, na kwa mtu wa kwenda town na kurudi, daraja la Nyali na foleni ya Kongowea, hana haja ya kitu kingine. Shida yake iko juu. Injini ikizidi mizunguko 5,000 kwa dakika hivi pumzi yakata, wahisi kabisa gari lataka kwenda lakini halina hewa.

Sasa wengi wakifika hapo wasema niongezee busti, yani ile presha ya hewa turbo inayosukuma ndani. Fundi akaza westigeti, ule mlango unaopunguza moshi unaokwenda kwa turbo busti ikitosha, kidogo, geji yapanda, mtu ashafurahi. Hapo ndo naomba msikize vizuri. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja, moshi wa injini wazungusha moja, ya pili yavuta hewa safi na kuisukuma ndani, hewa ikiwa nyingi na petroli ikatosha wapata nguvu. Wazo la zamani hilo, Mswisi Alfred Büchi aliliandikisha 1905, na karibu meli zote kubwa unazoziona zikiingia Kilindini dizeli zake zapumua kwa turbo. Lakini hewa ukiikandamiza yapata moto, hakuna ujanja wa kukwepa hilo, na turbo ndogo ukiilazimisha kupita uwezo wake haikuletei hewa zaidi, yakuletea joto. Chukua siku ya kawaida hapa kwetu, nyuzi 32. Ukandamize hewa hio presha iwe mara mbili kwa turbo iliyozidiwa, yafanya kazi kwa asilimia 60 tu, ukipiga hesabu yatoka ikiwa na nyuzi kama 143. Presha ile ile kwa turbo iliyo kwenye uwezo wake, asilimia 75, yatoka na kama 121. Geji zote mbili zaonyesha namba moja, na injini moja yapata hewa nzito iliyopoa na nyengine yapata upepo wa tanuri. Kwa hivo mimi nliweka turbo kubwa nipate busti ya kawaida kwa hewa isiyochemka, sikuwa natafuta namba kwenye geji.

Na Mombasa joto ndo adui wa kwanza, mbele ya kila kitu. Intakuula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwa turbo, kwenye Forester imelala juu ya injini, yapata hewa kutoka kwa lile tundu la boneti. Ukiwa mwendoni sawa. Ukikwama Makupa saa nane mchana, malori ya kontena mbele na nyuma, ile intakuula yageuka sufuria, joto lote la injini lapanda juu yaishika. Foleni ikifunguka ukakanyaga hapo hapo, hewa yaingia ndani ya silinda ishapata moto, petroli yalipuka kabla ya wakati wake, injini yaanza kugonga. Wewe husikii, sana sana ukiwa na muziki. Pistoni ndo zasikia.

Kuna jambo jengine watu wa pwani twalisahau kabisa, na naona niliandike kwa urefu kwa sababu nimeona magari mazuri yakiumia kwalo. Mtu apeleka gari Nairobi kutyuniwa, yani kompyuta ya injini irekebishwe petroli na busti, fundi wa kule afanya kazi safi, gari latoka likiwa moto, mwenyewe ateremka nalo Mtito, Voi, Mariakani, afika nyumbani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Presha ya hewa kule ni kama bar 0.83, hapa kwetu ni 1.01. Sasa spring ya westigeti haijui hewa ya nje ni nzito au nyepesi, yenyewe yapima tofauti tu, ukiiwekea bar 1 itakupa bar 1 juu ya ile iliyoko nje. Nairobi jumla yako ni 1.83. Hapa jumla ni 2.01. Yani bila kugusa kitu, bila kufungua boneti, gari limepata hewa zaidi kama sehemu moja ya kumi, na hewa ikiongezeka petroli lazima iongezeke vile vile. Kompyuta ya Subaru yapima hewa na yaongeza petroli yenyewe, ni kweli, lakini injekta, zile zinazopulizia petroli injini, zikishafika mwisho wake hazina cha kuongeza, na kama kule Nairobi zilikuwa karibu na mwisho basi huku petroli yakosa. Ongeza joto la huku juu yake. Yule fundi wa Nairobi hana kosa lolote, alilityuni gari la Nairobi. Ndo maana nasema gari la kuishi pwani litengenezwe pwani, au ukilitengeneza bara basi ukifika huku uliangalie upya kabla hujaanza kulikanyaga.

Turbo nlochagua ni VF30 ya IHI, ile iliyokuwa kwenye Impreza STI za Japani mwanzo wa miaka ya 2000. Ziko kubwa kuiliko, lakini mimi gari hili napeleka watoto madrasa nalo, sitaki lilale mpaka mizunguko 4,500 ndo liamke. Uzuri mwengine VF yafunga kwa bolti zile zile za TD04, tatu pale moshi unapoingia na tano pale unapotokea, haina haja ya welda. Paipu ya kulanti, yale maji ya kupoza injini, na ya oili ya kurudi ndo mkao wake watofautiana kidogo, kwa hivo tayarisha hosi mpya na klipu, usilazimishe ile ya zamani ikae imejikunja.

Nliipata kwa muuzaji wa spea za Japani, na kabla ya kutoa pesa nlimwambia mzee naomba niiangalie hapa hapa mbele yako, akasema haina neno kijana wangu, angalia mpaka utosheke. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili, isukume upande na upande. Mchezo kidogo hapo ni sawa, manake beringi zake zaelea juu ya oili na saa hio oili hamna. Alafu ivute mbele na nyuma, na hapa hutaki kusikia kitu, ikicheza mbele nyuma iwache. Tia tochi uangalie ncha za mapanga ya feni moja baada ya nyengine, ukiona hata moja imemegeka au ukuta wa ndani una mkwaruzo wa duara, feni ishawahi kugusa. Zungusha kwa kidole, isimame polepole yenyewe, isikwame. Na kibati cha jina uangalie na chuma kilichokishika, kibati kikiwa chang'aa na maandishi makali na chuma chenyewe kimeungua miaka, hio ni feki imevishwa jina.

Kufungua ile ya zamani ndo kazi iliyotula nguvu, na sababu ni chumvi. Gari lililokaa Mombasa miaka mingi bolti za ekzosi si bolti tena, hewa ya bahari na moto wa moshi vimezifanya kitu kimoja na nati yake. Wa bara wakisoma maelezo ya mitandaoni kwamba kutoa turbo ni saa mbili, sawa, kwao labda. Sisi tulizimwagia dawa ya kutu usiku wa kwanza tukaziacha zilale, asubuhi tena, jioni tena. Tukafanya kazi baada ya isha kwa sababu mchana chini ya mabati hakukaliki, mama akituletea chai ya tangawizi na mahamri, asishughulike na kelele, Mungu amjaalie. Soketi tumia ya pembe sita, ile ya pembe kumi na mbili ndo yavua nati pembe zake. Kaza kwanza kidogo kabla ya kulegeza, ukisikia mlio mdogo wa "tak" kutu imevunjika, hapo rudi taratibu, mbele kidogo nyuma kidogo, huku wamwagia dawa. Isiyosikia ipashe moto wa gesi mpaka ibadilike rangi, lakini toa hosi zote za mpira karibu na ufunike waya kwa kitambaa kibichi, na mtu asimame na kizima moto mkononi, manake hapo pana petroli. Bolti zote zilizotoka hazikurudi, tulinunua mpya zote na gasketi mpya zote.

Haya, oili. Ukisoma kipande kimoja tu cha haya yote soma hiki. Shafti ya turbo yazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isishikane na chuma ni utando mwembamba wa oili, basi. Oili ikichelewa hata kidogo turbo imekwenda, iwe ya bei gani. Kwenye baadhi ya hizi injini za Subaru ile bolti yenye tundu inayopeleka oili ina kijichujio cha wavu ndani yake, kidogo kama ncha ya kidole cha mwisho, na gari ambalo oili ilikuwa haibadilishwi kwa wakati kile kijichujio chajaa uchafu mweusi kama lami. Turbo yafa, mtu aeka mpya, nayo yafa, alaumu muuzaji, kumbe kidude kile kiko pale pale hakuna aliyekigusa. Fungua yako uangalie. Ikiwa kiko, safisha au weka kipya. Na paipu yenyewe ya kupeleka oili ipulize na upepo mpaka uone yatoka safi upande wa pili.

Kurudi kwa oili nako watu hawakujali. Hakuna presha inayoirudisha, yashuka kwa uzito wake tu, kwa hivo hosi ya kurudi lazima iteremke bila kupanda popote na bila kujibana. Na gundi ya silikoni usiipake pale, tafadhali, tumia gasketi yake, manake ile silikoni ikijiminya ndani yaziba njia, oili yajaa kwenye turbo yatafuta pa kutokea, wapata moshi wa buluu na waambiwa turbo ni mbovu.

Kabla ya kuwasha tulitia oili safi kwa mkono kwenye tundu la juu huku twazungusha feni kwa kidole mpaka oili ikaonekana yatoka chini. Alafu tukachomoa waya za koili na fyuzi ya pampu ya petroli, tukapiga stata kwa muda mfupi mfupi, twapumzisha, twapiga tena, mpaka taa ya oili ikazima. Ndo tukarudisha waya. Injini iliposhika tukaiacha ijizungukie polepole bila kugusa eksileta, mimi niko chini na tochi naangalia kila kiungo, binamu yuko juu anaangalia kulanti.

Kitu kidogo cha mwisho upande wa bomba. Kwenye hosi nyembamba inayotoka kwa turbo kwenda kwa solenoidi ya busti, ile vali ya umeme inayoongozwa na kompyuta, ndani yake pana kipande kidogo cha chuma chenye tundu kama la sindano. Huwezi kukiona, lazima uifinye hosi kwa vidole ndo ukihisi. Watu wanunua hosi mpya za silikoni za rangi nzuri, ile ya zamani waitupa na kile kipande kimo ndani, alafu busti haifiki na wahangaika wiki nzima na kompyuta. Kitoe ukirudishe kwenye hosi mpya.

Petroli nliitengeneza kabla ya turbo. Pampu ya lita 255 kwa saa ndani ya tangi, injekta za 550 cc. Injekta kuna zinazolishwa petroli kwa juu na zinazolishwa ubavuni, hazibadilishani, angalia zako ni zipi kabla ya kuagiza. Na pampu hizi feki zake ni nyingi mno mjini, tena zimewekwa kwenye boksi zuri.

Kutyuni tulifanya kwa laptopu, kebo ya Tactrix na programu za EcuFlash na RomRaider, ambazo kwa hizi Subaru za miaka hio zafanya kazi vizuri sana. Nliweka pia sensa ya Bosch kwenye daunpaipu, lile bomba la moshi linalotoka kwa turbo, isome mchanganyiko wa hewa na petroli, manake sensa ya kiwandani haisomi vizuri ukiwa kwenye busti. Injini ikitembea tu yataka sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, ukiikanyaga yataka petroli zaidi, mimi naiweka kama 11, ile petroli ya ziada yapoza silinda. Taimingi, ule wakati wa plagi kuwasha petroli, nairudisha nyuma kuliko Wajapani wanavyoandika, kwa sababu ramani yao ya kiwandani iliandikwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu, na petroli ya pampu zetu si ile. Alafu kila safari narekodi: joto la hewa inayoingia, taimingi iliyorudishwa, na ile namba waiita IAM, inayoonyesha kompyuta yaiamini petroli yako kiasi gani. Kwa kompyuta za zamani mwisho wake ni 16, za baadaye 1.0. Ikiteremka, toa mguu, rudi nyumbani, tafuta sababu. Kuirudisha juu kwa laptopu na kuendelea kukanyaga ni kujidanganya.

Na hapa majira yana kazi yake. Ukityuni mwezi wa saba, kusi yavuma, hewa imepoa, gari litakuwa tamu mpaka ushangae. Usiliamini. Kaskazi ikiingia, mwezi wa kwanza, wa pili, jua la Mombasa kichwani, gari lile lile laanza kurudisha taimingi kila ukikanyaga. Mimi nna ramani ya kusi na ramani ya kaskazi, na ile ya kaskazi ina busti kidogo chini na taimingi kidogo nyuma, na hio ndo nnayomwekea mtu yeyote anayeniambia hana muda wa kubadilisha, aende nayo mwaka mzima.

Gari lawaje sasa? Chini limepoteza kidogo, sitasema uongo, pale mwanzo TD04 ilikuwa yaitika haraka zaidi. Lakini kuanzia 3,500 hivi ni gari jengine, na pale lilipokuwa lakata pumzi ndo kwanza lafungua kifua. Ukitoka Mtwapa na barabara iko wazi, gia ya tatu, wasikia ule mvumo wa hewa wapanda taratibu mpaka juu bila kuchoka. Naipenda sauti hio. Busti nimeiacha bar 1 na haiongezeki, manake giaboksi ya Subaru ya gia 5 haina urafiki na nguvu nyingi, meno ya gia yakiondoka ni kazi kubwa kuliko hii yote. Klachi nzito kidogo imeingia. Oili kila kilomita 5,000, hapo sina mjadala. Na bima nliwaambia kilichobadilishwa, hata kama waongeza hela, bora hivo kuliko siku ya ajali wakapata sababu.

Kinachonisumbua mpaka leo ni intakuula. Nataka kuitoa juu ya injini niipeleke mbele nyuma ya bampa ipate upepo, ijapokuwa paipu zitakuwa ndefu na turbo itachelewa zaidi kuitika, kwa sababu kwa foleni za huku ile ya juu haiponi. Naona rejeta nayo itapungukiwa upepo kidogo kwa kuzibwa mbele, kwa hivo feni zake lazima nizikague kwanza. Bampa la SG5 lataka kukatwa ndani, chuma kile cha kati, na sitaki kukata zaidi ya lazima. Mwenye kuifanya kwenye SG5 anaishi pwani, aniambie alikata wapi na joto la kulanti lilikaa wapi kwenye foleni ya mchana.